Maharage Yaliyojikunja

Wenzake walikuwa wameshaona kabla yake. Ndiyo maana Mama Mboji alipoingia ukumbini siku ile, mazungumzo yalikatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri.

Masomo ya wiki tatu zilizotangulia yalimpita kwa sababu alikuwa akimwangalia ng'ombe wake aliyezaa. Akasalimia, akaitikiwa nusunusu, akaenda moja kwa moja dirishani yalikopangwa makopo. Kila mkulima wa shamba darasa lile alikuwa ameleta mbolea ya kwake, akaichanganya na udongo, akapanda maharage, ili wajifunze kuipima mbolea kabla ya kuimwaga shambani. Maharage ya wenzake yalikuwa yamesimama, majani mapana, yamejaa rangi. Yake yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi. Mashina yamejisokota, majani machanga yamejifumba.

"Nani kachezea kopo langu?"

Fundi baiskeli, mtani wake wa siku zote, ndiye aliyethubutu kufungua mdomo. "Mganga hajigangi, Mama Mboji." Akacheka peke yake, akaona hakuna wa kumsaidia, akaacha.

Jina lile hakupewa na wazazi wake. Alilipatia humohumo ukumbini, kwa kuvisoma vijitabu vya kilimo hai vilivyokuwa kabatini mpaka vingine vikaachana kurasa, na kwa kuivisha mboji nyeusi, laini, isiyonuka hata kidogo. Wageni wakija kujifunza, walianzishiwa kwenye biwi lake la mboji. Aliyefungua bustani mpya alikwenda kwake na gunia tupu, akarudi nalo limejaa. Leo anaambiwa nini?

Bibi shamba, mwalimu wao, alimshika mkono. "Mama, hata mimi sikuamini. Nikarudia kwa mbolea yako ileile, nikayafungia makopo ofisini mwangu, pasipoingia mtu." Akamfungulia mlango. Kwenye rafu kulikuwa na makopo matatu. Maharage ya makopo yote yalikuwa yamejikunja.

Mama Mboji alitafuta kiti kwa mkono, bila kugeuka, akakaa.

"Ng'ombe wako wanakula nini?"

"Nyasi. Mimi sijawahi kugusa dawa, na wewe unajua!"

"Najua. Nyasi za wapi?"

"Za kaka yangu."

Bibi shamba alivuta pumzi. Kuna dawa za magugu, alisema, zinazopigwa kwenye malisho. Zinaua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi. Ng'ombe akizila nyasi hizo haugui. Dawa inapita tumboni, inatoka na samadi, na hata joto la biwi haliimalizi upesi. Ukiipeleka samadi hiyo bustanini, maharage, nyanya, viazi, vyote vinajikunja.

Neno lililomchoma Mama Mboji lilikuwa nyanya. Alinyanyuka na kuondoka bila kuaga, hata mkoba wake akausahau.

Maana msimu ule wifi yake, mke wa huyohuyo kaka, alikuwa ameotesha nyanya kwa mara ya kwanza. Mbolea alipewa na Mama Mboji, zawadi ya wifi kwa wifi. Nyanya zikajikunja zote. Kikundi kilipokwenda kuzitazama, Mama Mboji alishika kiuno mbele ya kadamnasi akasema, "Wifi, mbolea ni yangu, naijua. Tatizo ni mkono wako. Shamba halitaki mtu wa kulala." Watu walicheka. Kaka mtu naye alicheka. Tangu siku hiyo wifi hakukanyaga tena ukumbini.

Alimkuta kaka yake barazani akitia mpini kwenye jembe.

"Kaka, malisho yako ulipiga dawa?"

"Karibu kwanza, dada. Mbona unahema hivyo?"

"Ulipiga, hukupiga?"

"Nilipiga. Magugu yalikuwa yananishinda. Yule wa duka la pembejeo aliniapia haina neno kwa mifugo." Akamtazama vizuri. "Ng'ombe wako wamekufa?"

"Wazima. Ila ulipokuwa unanipa nyasi, hukuona vema kuniambia?"

"Ningekwambia nini? Hukuniuliza, na ng'ombe haangalii dawa, anaangalia nyasi!"

Akamweleza alichokiona, kopo kwa kopo. Kaka alisikiliza huku mpini ukimteleza mkononi, ukaanguka sakafuni. Dada alipofika kwenye nyanya, kaka aligeukia nyumba. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

"Kwa hiyo," wifi akasema taratibu, "si mkono wangu."

"Si mkono wako, wifi yangu."

"Dawa katia huyu, mbolea umeleta wewe, na aliyesemwa ni mimi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Mama Mboji alitaka kupiga magoti, wifi akamzuia kwa kidole kimoja chenye unga.

"Usinipigie magoti hapa barazani. Ulinisema mbele ya watu. Kanisemee mbele ya watu."

Akaingia ndani. Kaka na dada walibaki wanatazamana kama wageni waliokosea nyumba.

Siku ya somo lililofuata Mama Mboji alisimama mbele ya ukumbi, kanga ameikunja mikononi. Aliwataja mmoja mmoja wote waliochukua mbolea kwake, akawaomba wasiimwage, na waliokwisha kuimwaga wapande mahindi, kwa kuwa mahindi ni ukoo wa nyasi na hayatadhurika. Mboga zake akasema hatazipeleka tena kwenye soko la kikundi mpaka udongo wake upimwe na kuonekana safi. Kisha akafika kwenye nyanya za wifi yake. Akasema kosa halikuwa la mkono wa wifi, lilikuwa la mbolea yake na la mdomo wake. Kaka, ambaye hakuwahi kuingia ukumbini mle, alisimama nyuma na kusema, "Mimi nilicheka. Na dawa ilikuwa yangu."

Fundi baiskeli alisogea kwenye benchi, akampa kaka nafasi.

Wifi alikuwepo, benchi la mwisho. Hakulia wala hakutabasamu. Wengine walipoanza kunong'onezana, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Bibi shamba, dawa hiyo inakaa ardhini muda gani?"

"Inategemea udongo. Msimu mmoja, pengine zaidi."

"Basi nifundishe kuupima mwenyewe. Sitaki tena kuambiwa na mtu."

Mwaka ule alivuna mahindi pale nyanya zilipofia. Mama Mboji alikwenda kumsaidia kuyapukuchua. Walipukuchua mpaka jioni, na maneno yao yalikuwa machache, ya kupeana nafasi na kuombana ungo. Lakini alipoinuka kuondoka, wifi alimwita.

"Kesho uje mapema. Jua likikaza mimi sipukuchui."