Kuku Asiye na Chumvi

Jembe la Ligaya lilizama kwenye kichuguu kama kijiko kwenye uji, na wanawake wote kiwanjani wakaacha kulima.

"Ulipiga hodi?" akauliza Aling Basyon, bibi aliyewakusanya kulima jalala lile la mtaa, pale Quezon City.

"Nimpigie nani, siafu?"

"Mshenzi wewe! Umebomoa paa la mzee wa watu!"

Kichuguu kina mwenyewe, kizee cha kijini kisichoonekana, kimo cha goti, kisirani tele. Ukipita, unapiga hodi. Ligaya alilijua hilo tangu utotoni, ila mdomo wake ulizoea mzaha kuliko adabu. Wenzake wakabeba majembe wakaenda zao. Na mwenye kiwanja alishawaambia: Jumamosi asipokuta matuta yamepandwa, anaegesha malori yake.

Kulipokucha, mguu wa Ligaya ulikuwa umevimba kama papai. Ndani kitu kinapwita, kama mtu anagonga atoke. Mzaha ukamwisha.

Akapika kuku, akamfunga na wali kwenye jani la mgomba, akachechemea hadi kichuguuni.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Ni ujinga, si jeuri."

Akafungua jani. Mchuzi ukamganda kidoleni, akaulamba. Ametia chumvi! Chakula cha wenyewe wa vichuguu hakitiwi chumvi hata chembe. Amemtukana mzee mara ya pili, tena mlangoni kwake.

Siafu wakatoka tunduni, safu nzima, wakaelekea mguu ule ule mbovu.

Akimbie? Kwa mguu upi? Akashika jembe, akasogea kando, akaanza tuta, kila pigo na lake: "Hodi, mzee. Hodi, mzee."

Sauti nyingine nyuma yake ikasema, "Hodi, mzee."

Jembe likamponyoka. Shingo ikagoma kugeuka. Mkojo ukamtoka kidogo, na tusimcheke.

"Sogea huko, kiguru wewe! Unalima kama unachokonoa meno."

Alikuwa Aling Basyon, jembe begani, mkononi sahani ya kuku wa kuchemsha, mweupe pe.

"Huyu hana chumvi. Wako tutamla sisi. Ukimaliza kuomba radhi, zahanati, mguu huo."

"Na matuta, bibi?"

"Tuliogopa, mwanangu, hatukufa."

Langoni wenzake walikuwa wakiingia mmoja mmoja, macho kichuguuni, kila mmoja akinong'ona hodi yake.