Nyumba Ina Mbele na Nyuma

Ndugu yangu Rizuane aliiuza nyumba ya marehemu mama kwa kuitazama mbele tu. Mwaka ule gesi ilikuwa imeshagunduliwa, Palma yetu, huku kaskazini mwa Msumbiji, imejaa wageni, na kila mwenye kuta nne alijiona tajiri. Akapaka baraza rangi ya buluu, akabadilisha mlango, akang'oa na asmini ya mama, ati inaleta mbu. Nikamwambia nyumba ina mbele na ina nyuma. Akanijibu kwamba nina wivu. Wivu wa nini, jamani? Nyumba ilikuwa fungu lake, mimi nilipata shamba la kijijini Mute, sikuwa na neno.

Nilichokuwa nacho ni mama mdogo Saquina. Ni mdogo wake mama, haoni tangu mimi msichana, na anaishi kwangu, ua kwa ua na nyumba ile. Kila asubuhi alitoka peke yake, mkono kwenye makuti ya ua, akakatiza uani kwa mama, akatokea kwa shoga yake Dalila, wakasuka mikeka mpaka adhuhuri. Hapo hakushikwa mkono na mtu. Kwingine kote alikuwa mtu wa kupelekwa.

Mnunuzi alikuwa Octávio, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka kusini. Mstaarabu, siwezi kumsingizia. Alimwuliza Rizuane kama kuna mtu mwenye njia humo uani, Rizuane akasema hakuna. Tena hakudanganya, na hilo ndilo linaloniuma: hakujua. Wanaume wetu huingilia barazani, njia za uani ni zetu wanawake. Watu husema kosa la muuzaji ni kuuza kwa haraka, au kuuza rahisi. Mimi naona kosa ni kudhani unaijua nyumba kwa sababu umezaliwa ndani yake.

Ukuta wa matofali ukapanda. Mama mdogo aliukuta kwa kiganja, akaupapasa mwanzo hadi mwisho, akarudi kuketi mkekani. Nikajaribu kumpitisha barabarani. Malori ya kampuni ya gesi yalipita karibu, akanishika mpaka kucha zikaniingia, akasema hatakwenda tena. Ukindu wake ukakauka pembeni. Nilimwonea huruma mpaka chakula kikanishinda.

Basi nikamwendea Octávio mwenyewe. Alisikitika kwelikweli.

"Mama, ningeambiwa, ningeacha mlango tangu mwanzo," alisema.

Akamwita fundi, ukuta ukatobolewa upande wetu na upande wa Dalila, ikatiwa milango ya chuma. Rizuane akafurahi kama kaitengeneza yeye. Asubuhi ya kwanza alikuja kumshuhudia mama mdogo akipita. Bibi wa watu alikuwa ameoga, amejifunga leso mpya, ukindu kwapani. Akaufuata ukuta kwa mkono, akaupata mlango, uko wazi. Tukadhani atapita moja kwa moja, kama alivyopita maisha yake yote. Akasimama.

"Hodi," akasema.

Madalena, mke wa Octávio, alikuwa anaanika nguo, vibanio mdomoni. Kiswahili hajui. Akatabasamu, tena kwa moyo, akampungia mkono aingie.

"Hodi."

Madalena akazidi kupunga. Neno la kujibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikamtazama Rizuane. Akafungua kinywa, akaiangalia kamba ya nguo za watu, akakifunga. Anayekaribisha ni mwenye nyumba, na sisi hatukuwa wenye nyumba. Niliona haya ambayo sijapata kuiona.

"Hodi," mama mdogo akasema mara ya tatu, taratibu. Akangoja. Kisha akageuka, akautafuta ukuta.

"Wenyewe hawapo," akatuambia. "Turudi."