Uwanja wa Bei Chee

Nusubei aliinua shoka la kukatia mifupa, akalitua kwenye gogo kwa nguvu hata mizani ikaruka, akasema basi, maneno yameisha, watashukia uwanja mdogo wa ndege.

Alikuwa muuza nyama, na jina hilo la Nusubei alilipata mnadani, kwenye soko la ng'ombe. Hajatokea mtu akamtajia bei naye akaikubali kabla ya kuikata katikati. Siku hiyo buchani hapakuwa na mteja. Mkewe alisimama upande wa pili wa kaunta na simu mkononi, akimweleza kwa mara ya mwisho, tena kwa upole, ingawa upole wenyewe ulikuwa umebaki kidogo. Uwanja mkubwa wa ndege uko jirani na bustani ya michezo wanayokwenda. Ukishuka pale unapanda treni, treni inakushusha mlangoni pa bustani. Uwanja mdogo uko mkoa mwingine kabisa, nusu siku ya barabara. Tiketi zake ni za bei chee, sawa, lakini mtu mwenye akili hujiuliza kwa nini.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mkewe alisema. "Hao wa uwanja mdogo wanakutumia matangazo kila asubuhi. Wa uwanja mkubwa wamewahi kukubembeleza?"

"Mama watoto, kwenye ndege unakaa. Kwenye gari unakaa. Kukaa ni kukaa."

"Na tukishatupwa huko porini, tutapanda nini?"

"Imeandikwa hapa kwenye tangazo, usafiri upo."

"Usafiri wa nani?"

Hapo ndipo shoka lilipotua, na ndivyo safari ilivyoamuliwa. Yule mama alimjua mumewe. Ukibishana naye shoka likiwa mkononi utabishana mpaka kuche, naye hatashuka.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kitinda, mtoto wao wa mwisho, msichana wa darasa la tatu. Kaka zake walishakuwa watu wazima na maisha yao, akabaki yeye peke yake nyumbani akitawala. Alikuwa ameomba jambo moja tu kwa mwaka mzima, kupanda lile gari la reli linalobeba watu miguu juu vichwa chini. Na Nusubei, jamani, kwa mtoto huyo alikuwa hana ujanja. Ngumi zake zilijulikana soko zima. Alishamvunja taya mwizi wa ndama, alishamtupa mchuuzi mmoja juu ya meza ya utumbo. Kitinda alizisikia habari hizo zikisimuliwa na akacheka sana. Kuona kwa macho yake alikuwa hajaona.

Basi wakaenda, wakatua. Uwanja mdogo ulikuwa banda la bati lenye mlango wa kioo, na nje kiwanja cha changarawe kilichojaa teksi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya bustani, watoto wakicheka meno yote. Nusubei akamuuliza mfagiaji basi la bustani linasimama wapi.

"Basi la bustani huja wakati wa likizo," mfagiaji alimjibu. "Sasa hivi watu hawapo, lije kumchukua nani?"

Ala! Tiketi za bei chee ni za msimu usio na watu, na msimu usio na watu basi halina kazi. Vitu hivyo viwili huenda pamoja, ila Nusubei alisoma kimoja. Mkewe alimtazama tu, na Nusubei angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Dereva wa kwanza kuwafikia alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la suti lililopauka mabegani. Aliwaamkia vizuri, akachukua masanduku, akayapanga kwenye buti la gari lake. Akamfungulia Kitinda mlango wa nyuma. Mtoto alikuwa hoi kwa usingizi, akajilaza kwenye kiti. Ndipo mzee alipotaja bei.

"Nusu," Nusubei akasema.

"Bwana, nusu hainifikishi hata katikati ya njia."

"Basi ngoja niulize wenzako."

Mzee alimshika mkono, si kwa ugomvi. "Sikiliza, ndugu yangu. Hapa kwetu mzigo ukishaingia kwenye buti la mtu, abiria ni wake. Bei tutaelewana mimi na wewe, hata ikichukua saa nzima. Ila usiende kwa wengine, nakuomba. Watu walishauana hapa kwa jambo hilo."

Nusubei akacheka. Mnadani kila muuzaji ana hadithi ya watu waliouana. Akautoa mkono wa mzee.

"Angalau tumshushe mtoto kwanza," mkewe alisema.

"Muache apumzike, kuna kivuli humo. Wewe njoo uone mumeo anavyofanya kazi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mnadani, kuwachonganisha wauzaji. Unamwendea huyu unamwambia yule kasema kidogo zaidi. Unarudi kwa yule. Wanaanza kutazamana vibaya, na kila wakitazamana bei inashuka. Ng'ombe hana habari, anatafuna majani. Nusubei alikwenda kwenye kundi la upande wa pili wa kiwanja, kwa dereva mmoja mnene wa shingo aliyeitwa Mnyororo kwa sababu ya mnyororo aliouvaa. Akamwambia bei ya mzee, akaipunguza kidogo kwa kinywa chake mwenyewe. Mnyororo akashusha. Mwingine pembeni akashusha zaidi, Mnyororo akampita. Nusubei alisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Nimekuchukua wewe," akamwambia Mnyororo. "Masanduku yako kwenye gari la yule mzee."

Mnyororo akavuka kiwanja, akafungua buti la mzee bila hata salamu, akavuta sanduku. Mzee akalishika upande wa pili.

"Mwanangu, usifanye hivyo. Unaijua sheria."

Mnyororo akamzaba kofi. Mzee akayumba, sanduku hakuliachia. Akapigwa ngumi ya sikio, akapiga magoti kwenye changarawe, na bado hakuliachia. Hapo madereva wa upande wa mzee wakaja mbio. Wa kwanza alikuja na spana ya magurudumu, akamshushia Mnyororo begani, na ule mlio wa mfupa Nusubei aliujua vizuri sana. Upande wa pili nao ukamwagika. Lo! Watu waliokuwa wakigawana sigara muda si mrefu uliopita sasa walipigana bila huruma. Mmoja alikandamizwa kwenye boneti akapigwa uso mpaka damu ikatiririka kwenye taa. Mwingine aliangushwa, wanne wakamkanyaga. Mawe yakaanza kuruka.

"Mtoto!" mkewe akapiga kelele. "Baba watoto, mtoto yumo!"

Nusubei akaona jiwe likipita juu ya vichwa vya watu wote na kuingia kwenye kioo cha nyuma cha gari la mzee. Kioo chote kikamwagikia ndani. Akasikia sauti ya Kitinda, sauti moja kali, kisha kimya. Akajitosa. Akampiga wa kwanza, akamrusha wa pili, akapigwa chuma cha mbavu, akaanguka, akainuka. Kwa macho yake alimwona mzee akitambaa chini ya miguu ya watu, damu imejaa usoni, akifungua mlango wa dereva. Gari likaunguruma. Likatoka buti wazi, masanduku yakidondoka moja moja barabarani, likapinda kona, na Kitinda ndani yake.

Nusubei aliisahau bei. Alisahau kila kitu isipokuwa sauti ile iliyokatika. Kulikuwa na dereva aliyejificha chini ya usukani wa gari lake. Akamwinua kwa ukosi wa shati.

"Mfuate! Amemwiba mwanangu!"

Mkewe akarukia kiti cha nyuma. Gari likaondoka na mlango haujafungwa.

"Bwana, yule mzee simjui kwa wizi," dereva alisema. "Barabara hii inakwenda—"

"Endesha!"

"Nakwambia, huko mbele kuna—"

Nusubei akampiga kwa mgongo wa mkono. Meno yakagongana, mdomo ukapasuka. Dereva akaendesha huku damu ikimdondokea kifuani. Nyuma mkewe alikuwa akisema, "Muache aseme, kwa nini humuachi aseme," lakini Nusubei alikuwa akitazama barabara, na ngumi zake zilikuwa zimekaa tayari juu ya magoti. Alijua atakachofanya. Alishakifanya kichwani kabla hawajafika.

Walilikuta gari kando ya barabara, milango wazi, mbele ya jengo dogo jeupe. Mzee alikuwa akitembea kulielekea, anachechemea, amembeba Kitinda mikononi. Mtoto alikuwa amefunikwa lile koti. Uso wake ulikuwa umejaa damu.

Nusubei hakusoma kibao cha mlangoni. Aliruka gari likiwa bado linakwenda. Mzee alimsikia, akageuka, akafungua kinywa. Hakupewa nafasi. Nusubei alimnyang'anya mtoto, akamsukumia mama yake, akamshika mzee mkono wa kulia. Muuza nyama anajua kiungo kinapoachia. Hahitaji nguvu, anahitaji mahali. Akauzungusha mkono ule na kuukunja kwenye kiwiko, ukaachia. Mzee alitoa mlio mdogo. Akampiga mdomoni. Akampiga tena, mzee akaanguka chini. Akamkalia kifuani akaendelea kumpiga, kulia, kushoto, kulia, na kila ngumi alikuwa akisema, "Mwanangu! Mwanangu!"

"Baba!" Kitinda alikuwa akipiga kelele. "Baba, muache! Baba!"

Alisikia, lakini alidhani mtoto anamwita kwa kuwa anamwogopa mzee. Akapiga tena.

Aliyemtoa ni muuguzi, mama mmoja wa mabega mapana aliyetoka mlangoni na ndoo ya maji, akammwagia yote kichwani, halafu akampiga na ndoo yenyewe.

"Mwendawazimu wewe! Mgonjwa analetwa zahanati, wewe unamuua anayemleta?"

Nusubei akainua kichwa, maji yanamchuruzika. Ndipo alipokiona kibao. Zahanati. Wazi mchana na usiku. Akamgeukia yule dereva wa mdomo uliopasuka, naye akasema kutoka mbali, hakuthubutu kusogea, "Ndicho nilichotaka kukwambia. Hakuna hospitali nyingine karibu."

Mzee alilala pale chini, macho yamevimba, mkono umelala upande ambao mkono haulali. Alikuwa anapumua. Wakamwingiza yeye kwanza.

Kitinda alishonwa juu ya nyusi. Jeraha halikuwa kubwa, kichwa tu ndicho kina damu nyingi. Kila muuza nyama anajua hilo. Kitinda alimweleza muuguzi mambo yote kwa mpangilio, kama anavyoeleza habari za shule. Vioo vilipoanguka, babu wa teksi aliingia garini, akavua koti akamrushia, akamwambia ajifunike asifungue macho. Njiani alikuwa akimuuliza maswali ili asilale. Anaitwa nani, anakwenda wapi. Alimwambia habari za gari la reli, na babu akasema hata yeye hajawahi kulipanda, ingawa amepeleka watu bustanini miaka yote.

"Mkono wake utapona?" mtoto aliuliza.

"Utapona kiasi," muuguzi alisema. "Usukani sidhani."

Nusubei alikuwa amesimama kizingitini. Polisi walishaitwa, na hakuwa na nia ya kukimbia. Akimbilie wapi? Alitaka kitu kimoja tu duniani, kumbeba mwanawe, kumnusa nywele, kuhakikisha ni mzima. Akaingia polepole, akainama kitandani, akanyoosha mikono.

"Njoo kwa baba, mama."

Kitinda akainua mikono yote miwili akaficha uso. Akajikunja ukutani, magoti kifuani, akangoja. Nusubei alielewa anachongoja. Alikuwa amewaona watu wengi wakikaa hivyo mbele yake, na wote walikuwa na sababu. Akairudisha mikono, akaiweka nyuma ya mgongo.

"Sikupigi, mwanangu. Mimi ni baba."

Mtoto hakuushusha mkono hata mmoja. Alizungumza kutoka nyuma ya vidole, akimwambia mama yake, kwa sauti ya chini ambayo chumba chote kiliisikia.

"Mama, leo baba atalala chumba kimoja na sisi?"

Mkewe alimtazama mumewe, akamuachia swali.

"Hapana," Nusubei alisema. "Nitalala kwingine."

Kitinda akashusha mikono.