Kula, Kenge Wewe

Ukiingia kwa Bibi Kuk Bong-sim na usitukanwe, ujue mambo yako si mazuri. Watu wa mji wa Jeonju wanalijua hilo. Wanakuja asubuhi kwenye kibanda chake cha supu nyuma ya Soko la Kusini, wengine wana pombe ya jana kichwani, wengine wamefukuzwa na wake zao, na kabla hawajavuta kiti wameshaitwa kenge, mbwa koko na vichwa maji. Wanacheka, wanainama kwenye bakuli la supu ya machipukizi ya soya, wanakula mpaka jasho linawatoka. Anayeambiwa tu "karibu mteja" hujikagua nguo kuona amekosea nini.

Eum Se-ryeong alikuwa akiambiwa "karibu" tangu siku ya kwanza.

"Karibu, Bi Meneja," Bibi alimwambia, akamimina chai ya shayiri kwa mikono miwili kama anayempokea mkaguzi wa afya. Kisha akageuka na kumrushia mzee wa meza ya pembeni maneno ambayo mzee huyo aliyapokea kwa tabasamu la mtu aliyepewa zawadi. Se-ryeong akanywa chai yake. Alikuwa ametoka Seoul kuja kufanya kazi Jeonju katika kampuni ya Nyota Tano, inayoyatangaza maduka mtandaoni, na miaka yote ya kazi watu walikuwa wakimwita kwa cheo chake. Alitamani kutukanwa, na aliona haya kutamani kitu cha namna hiyo.

Aliyeiajiri Nyota Tano hakuwa Bibi mwenyewe. Ni binti yake anayeishi Seoul, baada ya kuja likizo na kukuta nusu ya meza zina vumbi. Bibi alikubali shingo upande, akaweka na sharti lake.

"Mpaka mwaka mpya wa kalenda ya mwezi," alisema. "Meza zikijaa, naendelea. Zisipojaa, naifunika ile sufuria chini juu, nakwenda kukaa kwenye ghorofa ya binti yangu nitazame kuta. Na nikifika huko nakufa, Bi Meneja. Siwezi kuongea na kuta."

Se-ryeong hakulichukulia hilo kama mzaha. Alianza kazi siku hiyo hiyo, na kazi aliijua. Kwanza akagundua kwamba ramani ya kwenye simu ilikuwa ikiwapeleka watu nyuma ya jengo, kwenye kliniki ya meno, na wa kliniki ikiwaleta kwa Bibi.

"Ndiyo maana!" Bibi akapiga paja. "Kuna majitu yanaingia hapa yameshika shavu, yananiuliza kama kung'oa kunauma!"

Akaisahihisha ramani. Akarekebisha saa za kufungua, maana mtandaoni duka lilionekana kufunguliwa jioni, wakati Bibi jioni hulala. Akapiga picha ya bakuli likitoa mvuke, na ya yai laini linaloletwa pembeni kwenye kikombe, ambalo mtu huvunjia mwani na kulila kabla ya supu. Akaandika maelezo yenye maneno ambayo watu huyatafuta wakiamka na kichwa kinachogonga. Wageni wakaanza kuja, wakiwa na mabegi na simu mkononi. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Kosa lilikuja kwenye majibu.

Mkurugenzi Pyo, mwenye Nyota Tano, alikuwa na imani moja tu maishani: kila maoni ya mteja lazima yajibiwe, na yajibiwe kwa adabu. Kwa hiyo Se-ryeong akakaa ofisini akajibu kwa jina la Bibi. Mtu akiandika, "Supu tamu, Bibi kaniita mbwa koko, nitarudi," chini yake lilitokea jibu: "Mteja wetu mpendwa, tunashukuru kwa dhati kwa muda wako wa thamani. Tutaendelea kujitahidi kukuhudumia kwa unyenyekevu." Akaweka na ua dogo mwishoni. Aliyajibu maoni yote ya nyuma, moja baada ya jingine, akaona amefanya kazi safi. Jamani, ilikuwa safi kweli, safi kama barua ya benki.

Hazikupita wiki nyingi, wazee wa asubuhi wakaanza kupungua. Wageni wenye mabegi walikuja mara moja wakaenda zao, kama kawaida ya wageni. Lakini wale wa kila siku, ambao ndio waliolishikilia duka, waliyeyuka. Na mwaka mpya ulikuwa unabisha hodi.

Se-ryeong alipokwenda kuona kulikoni, alimkuta Mzee Tak, dereva wa teksi aliyekuwa akila hapo tangu ujana wake, amesimama nje ya dirisha lililojaa mvuke anachungulia. Alikuwa amevaa suti na tai nyeusi.

"Mzee, mbona uko nje?"

"Shh!" Mzee Tak akamvuta mkono. "Wewe ni wa familia? Mazishi yamefanyika wapi?"

"Mazishi ya nani?"

"Ya Bibi! Kwani watu wajinga? Nimeona kwenye simu. 'Mteja wetu mpendwa.' Bibi Bong-sim aniite mimi mpendwa? Huyo mama hakuniita mpendwa hata siku nilipofiwa na mke wangu, aliniambia nile niache kulia kama ndama. Wenzangu wanasema ameuza duka. Mimi nikasema hapana, yule hauzi. Yule amekufa, na watoto wamemwajiri mtu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na huyo aliyepo humo ndani nani? Anaweka chumvi ya kutosha?"

Se-ryeong alifungua tu mlango, akamsukuma mzee ndani na suti yake ya msiba.

Bibi aliinua uso kutoka kwenye sufuria.

"Alaa! Kenge limefufuka!" akafoka. "Ulikuwa umejificha kwenye shimo gani, we mkia wa panya? Supu yangu imekushinda siku hizi, umeona bora ukale tambi za pakti? Na hiyo tai nani kakufunga? Umekuja kuoa au kuzikwa?"

Mzee Tak akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti. Bibi akamtukana kwa kulia. Mzee alipotulia akaeleza yote, akatoa simu, akasoma majibu yale moja baada ya jingine. Kila "mpendwa" lilipopita, Se-ryeong alitamani ardhi ipasuke.

"Bi Meneja," Bibi akasema mwishowe, polepole. "Huyu anayesema hivi ni nani?"

"Ni... ni wewe, Bibi. Yaani, niliandika mimi, kwa jina lako."

"Mimi."

"Ndiyo."

"Kumbe umenizika ningali napumua." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Basi sawa. Ndiyo kazi uliyotumwa."

Se-ryeong akainamisha kichwa. Alitaka aombe radhi, lakini maneno yote aliyokuwa nayo ya kuomba radhi yalikuwa yale yale ya kwenye simu, na hakuthubutu kuyatamka mbele ya mama huyu. Na kabla hajapata mengine, simu yake ikaita. Alikuwa Mkurugenzi Pyo. Alipiga kelele hivi kwamba hakukuwa na haja ya kuweka spika.

"Umeona? Ulimi wa Dhahabu, yule mwandishi wa mtandaoni, kampa Bibi nyota moja! Unajua watu wangapi wanamfuata yule? Kaandika bibi ni mshenzi, na chakula cha hovyo. Andika radhi sasa hivi. Mwambie arudi na rafiki zake, ale bure, meza nzima, na aiondoe ile nyota."

"Subiri," Bibi akadakia. "Huyo si yule wa jana mwenye kofia?"

Akaeleza huku anafuta mikono kwenye aproni. Jana liliingia kundi la vijana, mmoja wao ana kofia na kamera. Wakala, wakaongeza, wakafuta bakuli mpaka chini. Wakati wa kulipa mwenye kofia akasema yeye ni mwandishi wa vyakula, na atakachokiandika ndicho malipo. Bibi akamfukuza na mwiko mpaka mlangoni.

"Bibi, nisikilize kwa heshima zote," Pyo akasema kwenye simu, sauti imeshalainika kama mafuta. "Hiyo ndiyo biashara ya siku hizi. Kumwomba radhi hakukupunguzii kitu. Usipofanya hivyo atakuzamisha, na mwaka mpya huo hapo. Kwa nini ufunge duka kwa sababu ya neno moja dogo?"

Bibi akaichukua simu mkononi mwa Se-ryeong, akaiweka mbele ya mdomo wake kama anayeongea na redio.

"Nisikilize na wewe, kijana. Kufunga nitafunga. Lakini nitakapofunga, nitafunga mimi, kwa mdomo wangu. Huyo mpendwa wako hajawahi kuosha hata bakuli moja humu ndani. Hawezi kunifungia duka, na hawezi kuniokoa pia. Simtaki."

Akamrudishia Se-ryeong simu, akarudi kwenye sufuria. Mzee Tak akapiga meza kwa kiganja, "Eeeh!"

Pyo sasa alikuwa anamwambia Se-ryeong aandike haraka, asimsikilize Bibi, binti yake ndiye mteja. Se-ryeong akakata simu. Hakujua mkono wake ulipata wapi ujasiri huo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alikuwa na hasira, hasira tamu, ya moto, na hakutaka ipoe.

"Bibi," alisema, akafungua ukurasa wa duka. "Mjibu mwenyewe. Wewe sema, mimi naandika. Sitapunguza neno."

"Utafukuzwa kazi."

"Nafahamu."

Bibi akafunika sufuria, akaweka mikono kiunoni, akasema, na Se-ryeong akaandika hivi:

"Wee Ulimi wa Dhahabu. Ulikula na kundi lako, mkaomba wali wa kuongeza, mkafuta bakuli kama paka. Leo chakula ni cha hovyo? Mtu hafuti bakuli la hovyo. Ulitaka kunilipa kwa kalamu. Mwenye machipukizi sokoni hapokei kalamu, nimeshamuuliza. Nyota yako moja chukua, kaichemshe, uone kama inalika. Na yai ulilitumbukiza kwenye supu kama mtu ambaye hakulelewa, nilikuona. Ukirudi na hela yako, utakula, na nitakujazia wali, maana ulikula kwa njaa ya kweli na nilikuonea huruma. Usiporudi, potelea mbali, kenge wewe. Wengine wote mnaosoma hapa: yule aliyewaita wapendwa si mimi. Mimi niko hai. Mmenikimbia kama panya, sasa rudini mle. Bong-sim."

Se-ryeong akayapitia mara moja. Akabonyeza kutuma.

Simu ya Pyo ilikuja kabla chai haijapoa. "Futa!"

"Sifuti."

"Nenosiri nipe, nitafuta mwenyewe."

"Nenosiri ni la Bibi. Nimelibadilisha sasa hivi, nimempa."

"Eum Se-ryeong, unajua unachokifanya? Kesho usije!"

"Nitakuja kuchukua kikombe changu," akasema, akakata simu. Kisha akaenda kusimama kituo cha basi peke yake.

Majibu ya kwanza yalikuwa yameshaingia chini ya maneno ya Bibi kabla basi halijafika. "Yu hai!" aliandika mtu. "Kaniita panya, asanteni Mungu na mababu," aliandika mwingine. Wapo waliokasirika, wakasema mwanamke mzee hapaswi kusema hivyo hadharani, na Ulimi wa Dhahabu hakuiondoa nyota yake. Ipo mpaka leo, na Bibi hataki iondolewe. Anasema inamsaidia kuwajua wanaoogopa.

Asubuhi iliyofuata Se-ryeong alichukua kikombe chake ofisini, kalenda, na mmea mdogo wa mezani, akaviweka kwenye boksi. Pyo hakutoka chumbani kwake. Akatembea mpaka Soko la Kusini na boksi lake kifuani. Alijiambia anapita tu.

Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya mvuke. Meza zilikuwa zimejaa, na watu wengine wamesimama nje wakipuliza viganja, na Mzee Tak, bila tai, alikuwa anawapanga kama trafiki. Ndani sauti ya Bibi ilikuwa juu ya sauti zote, inatukana kulia na kushoto, haimbagui tajiri wala mwanafunzi. Sufuria ilikuwa wima juu ya moto.

Se-ryeong alijibana kwenye kona, kiti cha karibu na ndoo. Akaliweka boksi magotini. Alisubiri ile chai ya shayiri na mikono miwili na "karibu, Bi Meneja", ingawa hakuwa tena meneja wa kitu chochote. Akajipanga kuipokea kwa heshima na kuondoka.

Bakuli likatua mbele yake kwa kishindo, supu ikarukia meza.

"We nawe!" Bibi akafoka, watu wote wakageuka. "Umekonda kama mwiko, unabeba boksi kama mkimbizi, kwani nani kafa? Asubuhi hii hujatia kitu tumboni, naona kwa macho yako, kichwa maji mkubwa! Kazi ni kitu gani? Kazi zimejaa. Hapa majibu ya watu kwenye simu yamejaa, na mimi vidole vyangu haviwezi yale maherufi. Utakaa hapo, nitasema, utaandika. Lakini kwanza kula, kenge wewe."

Se-ryeong akashika kijiko. Alianza kula, huku machozi yanamdondokea bakulini, na Bibi akamtukana tena kwa kuiharibu supu kwa chumvi.