Chambo cha Mwenyekiti

Wakati wanaulizana nani kasahau kofia, gari la Festus lilikuwa limeshauacha mji wa Temple Hills, huku ughaibuni, na linateremka kuelekea mtoni, na Mzee Kalisti, kiti cha nyuma, alikuwa ameshaanza kazi. Kila mwaka, siku ya mashindano ya kikundi chao cha uvuvi, yeye ndiye anayewafungia wote vyambo. Vijana wana macho, subira hawana. Mapajani alikuwa na mfuko wa samaki wa mpira, laini kama ulimi, mkia mpana unaotikisika ukiguswa tu, na ndoana zake kwenye kopo la kahawa.

Kumvika samaki wa mpira ndoana si kazi ya nguvu. Unamchoma puani, unaitoa kidevuni, unaigeuza, halafu ncha unaizika mgongoni isije ikakamata magugu. Ila ipite katikati kabisa. Ikienda upande hata kwa unene wa ukucha, samaki wako haogelei, anabingirika kama mlevi, na bass, yule samaki wa kushindania wa mto huu wa Potomac, ana maringo, kitu kinachobingirika hakigusi. Vya wenzake Kalisti alivifunga vikanyooka. Vya Clement alivipinda. Tena kwa ufundi: aliusukuma ule mwili juu ya ndoana ukajikunja kwa ndani, ukikiangalia mkononi huoni kosa, mpaka kiguse maji.

Clement alikuwa mwenyekiti wa kikundi, na Kalisti alitaka jambo moja tu duniani: mwenyekiti aumbuke mtoni, simu zote zikirekodi.

Adela, mke wa Kalisti, ndiye aliyevua bass mkubwa kuliko wote tangu kikundi kianze. Baridi ilipoingia akafa. Arobaini yake ilifanyika mji wa Adelphi, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa walikoishi. Kalisti ni Mchaga, Clement ni Mpare, na watani wa namna hiyo msibani wana ruhusa yao. Clement akasimama na sahani ya pilau akatangaza kwamba samaki yule alimvua yeye, marehemu alipewa amshike tu kwa ajili ya picha. Watanzania wakacheka. Kalisti naye akacheka, maana mfiwa hamkasirikii mtani. Lakini nusu ya waliokuwepo walikuwa Wakenya, na mambo ya utani wa msiba hawakuyajua. Wakaamini. Wakampa Clement hongera, naye akazipokea. Baada ya muda akaiweka picha ile kwenye WhatsApp yake, samaki kajaa kioo kizima, Adela kakatwa. Vilibaki vidole vyake tu, na pete.

Kalisti alimpigia simu. Clement akamwambia, kwa jina la kuwatania Wachaga, Mangi, huo si utani tu, au kwenu mmeshausahau? Kalisti akakata simu, akakaa nalo moyoni.

Walipofika gatini, Clement alivaa kizibao chake kipya chenye mifuko mingi, akaomba kimya. Akasema mwaka huu Adela hayupo, kwa hiyo mume wake ndiye atakayeyafungua maji, hakuna wa kurusha kabla yake. Na atarusha kwa fimbo ya kuvulia ya mwenyekiti, chambo kikiwa tayari kimefungwa. Akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mzee.

Kalisti akajitetea kwamba bega linamuuma.

"Mzee, usitunyime," akasema Wairimu, nesi Mkenya, ambaye simu yake ilikuwa imeshainuliwa. "Hii ni ya Mama Adela."

Sasa atafanyaje? Kukataa heshima ya marehemu mbele ya watu ni kumzika mara ya pili. Akarusha. Chambo kikaja kinabingirika, tumbo juu, tumbo chini, mshipi ukajisokota nyuma yake, na maji ya pale gatini hayana kina, kila mtu aliona.

"Mangi, samaki wako kanywa mbege, pombe ya kwenu?" akasema Clement, na gati zima likacheka.

Wairimu akainama akakitazama. "Kwani nani alifunga hii?"

Walijua wote nani anafunga. Aibu ilikuwa imefika mtoni kweli, ila ilikosea mlango. Kalisti angeweza kusingizia uzee na wangemhurumia. Akauona ule uso wa Clement, umejaa meno.

"Nimekifunga mimi, na nimekipinda makusudi," akasema. "Ni chako, Mwenyekiti. Vyote vya kwenye mfuko wako viko hivyo."

Clement akacheka peke yake. Utani huo, akawaambia watu, Mchaga naye kajibu.

"Utani tunauacha msibani, tukishanawa mikono," akasema Kalisti. "Wewe umetoka nao ukajifanyia sifa. Umemkata mke wangu kwenye picha niliyopiga mimi. Waonyeshe, vile vidole ni vya nani?"

Wairimu hakungoja. Aliifungua picha ya Clement kwenye simu yake, akaikuza, pete ya ndoa ya Adela ikatokea. Akamgeukia Clement.

"Na vile nimekuwa nikikusifu kanisani," akasema. "Clement, huyu samaki alivuliwa na nani?"

Clement aliangalia maji. "Adela."

"Sema wasikie."

"Adela ndiye aliyemvua."

Kalisti akamrudishia fimbo kwa mkono wa kushoto. Clement akauliza, kwa sauti ya chini, kama atamfungia kingine.

"Vua hivyo hivyo."

Clement alivua hivyo hivyo mpaka jua likasimama utosini, hakupata kitu. Wairimu alipata bass wawili, akawarudisha majini, ndiyo sheria ya kikundi. Picha nzima, ya Adela na samaki wake, aliibandika Wairimu kwenye kundi la WhatsApp, na ipo mpaka leo. Clement alibaki mwenyekiti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka usumbufu wa kufuatilia vibali vya kuvua. Kwenye WhatsApp yake sasa ameweka bendera badala ya samaki. Festus, mwenye gari, alihamia Ohio. Kalisti hakuombwa tena kufunga vyambo. Kila mtu anajifungia mwenyewe, na vya wengi vinabingirika. Kalisti na Clement wanasalimiana kanisani. Kalisti hakuombwa msamaha, na hajasamehe.