Anza Kulia

Nyundo hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alipewa kwa kazi. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari: mlango ukibonyea, boneti ikikunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, yeye anagonga, anagonga, anagonga, mpaka bati linasahau kwamba liliwahi kugongwa. Akimaliza yeye, gari linakwenda kwa Rangi, mpuliza rangi. Hao wawili walikaa dawati moja, wakafukuzwa shule siku moja, wakajifunza kazi gereji moja. Ulimi na mate, watu walisema.

Mpaka siku ya mlango mweupe.

Rangi alikuwa na mdomo. Siku hiyo, mbele ya mwenye gari na mafundi wote, aliikwangua kwa ukucha pati ya ule mlango, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, akacheka. "Jamani, huu mlango una pati nyingi kuliko bati! Mzee, mvua ikinyesha usitoke na hili gari. Utarudi umeshika usukani tu."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Nyundo yeye alikuwa ameshika nyundo. Na mkono wa Rangi, ule wa kulia, wa kushikia bomba la rangi, ulikuwa bado umelala juu ya mlango. Hakuna aliyeiona nyundo ikipanda. Waliisikia ikishuka. Vidole vitatu vikalia kaa, kama kuni kavu, na mlango mweupe ukapata rangi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Hospitali, Rangi aliulizwa nani kamfanya vile. Akasema jeki iliteleza.

Ndivyo Nyundo alivyopona kulala rumande. Lakini kupona huko kulimla. Mdogo wake, msichana wa sekondari ambaye nyumba nzima ilimwita Kimya kwa sababu salamu yenyewe humtoka kama anatolewa jino, ndiye aliyeona. Aliona kaka yake anakula kwa mkono wa kushoto. Mama akiuliza, Nyundo anasema mkono unauma. Mkono ulikuwa mzima kama chuma. Aliona kaka anarudi mdomo umepasuka, mara jicho limefunga, kapigana na konda, kapigana na mlinzi wa sokoni, kapigana na mtu ambaye hata hakumbuki walianzia wapi. Miezi mitatu, ugomvi mara nne. Alikuwa kama mtu anayetafuta wa kumpiga yeye sawasawa, asimpate.

Halafu fundi umeme wa gereji, mtu asiyeweza kukaa na habari hata kwa dakika tano, akapita nyumbani. "Rangi ametolewa plasta," alimwambia mama pale mlangoni. "Vidole havikunjiki. Bomba la rangi haliwezi tena. Nimemuuliza, sasa wewe na Nyundo? Akaniambia, bado namfikiria. Mama, mtu anayefikiria hivyo, mimi namwogopa kuliko anayetukana."

Kimya alisikia kila neno. Atakufa mmoja, aliwaza. Na yeye hakuwa na la kufanya, ila lile moja analolijua.

Lile moja ni manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani. Alikuwa navyo kama arobaini ndani ya sanduku chini ya kitanda, na shuleni alikuwa kama mwenye duka la dawa. Mtu anakuja, anaeleza ugonjwa, anapewa kitabu.

"Kimya, nimegombana na shoga yangu, nimemtukania mama yake. Nipe kitu."

Kimya anafikiri, anatoa kimoja. "Huyu naye alimtukana rafiki yake. Usisome mbele za watu, utaaibika. Anza kulia."

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo maelezo yake ya dawa. Vitabu vile vinasomwa kinyume na vyetu: vinafunguliwa upande wa kulia na kwenda kushoto. Darasa zima lilikuwa limeshazoea.

Kwa kaka yake alichagua kile anachokipenda kuliko vyote. Wavulana wawili wapanda majabali. Mmoja, kwa wivu wa dakika moja, anaachia kamba. Mwenzake anaanguka na mkono unasagika kwenye mwamba. Miaka kumi yule aliyeachia anaishi kama mzigo. Kisha anakwenda kumtafuta, na wanapanda tena jabali lilelile. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja. Ni mkono tu, umefungwa bendeji ya kupandia, umejaza karatasi nzima, unashuka kutoka juu kumvuta yule wa chini.

Jumapili Nyundo alijifungia nacho chumbani. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Pati imeniingia machoni," alisema.

"Pati, Jumapili?"

"Kimya, nyamaza." Akakaa. Akakigeuza kile kitabu mikononi. "Kingine kama hiki unacho?"

"Mpelekee Rangi hichohicho, kaka."

Nyundo alicheka kicheko kibaya. "Nifike mlangoni nimwambie nini? Hodi, mimi ndiye yule?" Akakiweka mezani, akatoka, na jioni akarudi na sikio linavuja damu.

Ndipo Kimya akaamua liwalo na liwe. Aliandika barua ya kurasa mbili, akaichana. Akaandika ya nusu ukurasa, akaichana. Mwisho akachukua kikaratasi kidogo, akaandika: *Kutoka kwa Nyundo. Anza kulia.* Nyundo hakuwa ametuma kitu. Lakini uongo mdogo wa kuleta heri, alijiambia, haujawahi kumuua mtu. Alikipenyeza kitabu chini ya geti la kina Rangi, akakimbia kama mwizi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mchana, Kimya alimpelekea kaka yake chakula gereji. Nyundo alikuwa ameinama ndani ya boneti ya gari la bluu, kichwa hakionekani. Fundi umeme alikuwa kalala chini ya gari lingine, anaimba vibaya. Bosi hakuwepo. Kimya ameshaweka bakuli juu ya tairi, anataka kusema "kaka, chakula," ndipo Rangi akaingia.

Mkono wa kushoto ameshika wilispana, ile ya msalaba ya kufungulia matairi. Wa kulia umening'inia, vidole vitatu vimesimama vigumu kama vya sanamu. Kitabu amekichomeka kiunoni.

Hakusema hodi. Pigo la kwanza lilitua mgongoni mwa Nyundo kwa mshindo kama wa gunia la saruji kuanguka. La pili lilikosa mtu, likapata taa ya mbele, vioo vikaruka. Nyundo akachomoka kwenye boneti akijigonga kichwa, damu inamchuruzika kwenye nyusi, na mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ukawa umeshika nyundo.

Akaona ni nani. Akaiachia ikaanguka.

"Okota!" Rangi alinguruma. "Okota, fundi! Siku ile hukuihitaji ruhusa!"

"Siokoti."

Wilispana ikamkuta mbavuni. Nyundo akajikunja, akatapika maji. Rangi akampiga teke la goti, Nyundo akaanguka, naye akamkanyaga bega. "Nilikuficha! Niliwaambia jeki! Mama yangu mwenyewe nimemdanganya! Halafu unaniletea salamu? Nianze kulia? Mimi? Miezi mitatu nashindwa kufunga vifungo vya shati, wewe unaniambia ndiyo kwanza nianze?"

"Salamu gani?"

"Usijitie hujui!" Akakivuta kitabu kiunoni kwa vile vidole viwili vinavyokunjika, akamtupia usoni. "Nafungua tu, nakutana na mkono. Una bendeji. Ukurasa mzima! Umetafuta duka zima ukapata picha ya kunicheka!"

Kimya alisikia maneno yale, na kila moja likamwingia kama sindano. *Anza kulia.* Mungu wangu. Kafungulia kushoto, kakutana na mwisho. Na yale maneno mawili ya darasani kayasoma kama tishio. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Nyundo aliutazama ule mkono wenye bendeji, kitabu kikiwa wazi kifuani pake. Hakuuliza tena. Aliinuka kwa magoti, akauweka mkono wake wa kulia juu ya bampa la gari la bluu, akatandaza vidole.

"Piga basi," alisema.

"Unadhani sipigi?"

"Najua unapiga. Ndiyo nasema, piga."

Fundi umeme alikuwa ametoka chini ya gari, waya shingoni, mdomo wazi. "Jamani," alisema. "Jamani, jamani." Wala hakusogea.

Wilispana ikapanda, ikashuka. Kaa. Vidole viwili. Nyundo hakulia, alitoa sauti moja ya pumzi, kama tairi lililochomwa, jasho likamtiririka. Na mkono hakuuondoa.

Rangi akainua tena. Hapo ndipo Kimya aliporuka. Alimvaa mkono, akaung'ang'ania kwa meno na kucha, naye Rangi akamkung'uta kama anavyokung'uta koti. Msichana akaruka, mdomo ukagonga ukingo wa tairi, jino likakata midomo, chakula chote kikamwagika. Akainuka ana damu kidevuni. Na sauti, kumbe ilikuwa inangoja apasuke mdomo.

"Siyo kulia hiyo!"

Wote watatu waligeuka. Hata Nyundo hakuwahi kusikia sauti ile.

"Siyo ya machozi! Ni upande! Upande wa kulia! Kinafunguliwa kulia, we Rangi, umekifungua mwisho! Mimi ndiye nimeandika! Mimi!"

"Kulia upande?" Rangi alisema polepole.

"Mkono wa kulia! Wa kuume! Nilitaka usome tangu mwanzo, ule mkono haukucheki, ule mkono ni wake yule aliyeumizwa, anamvuta mwenzake!"

Kisha fundi umeme, ambaye Mungu hakumjalia breki, akasema: "Yaani mtu kavunjwa vidole kwa sababu ya Kiswahili?"

Hakuna aliyecheka. Rangi alikuwa anamtazama Kimya. "Kwa hiyo hata siyo yeye aliyetuma."

Kimya alikubali kwa kichwa. Alijua kafungua jeraha jingine. Wilispana ilianza kupanda tena, taratibu.

"Nilikisoma," Nyundo alisema, kichwa kimelala kwenye bampa. "Nilishindwa kukileta. Niliogopa."

"Uliogopa! Kunipiga hukuogopa."

"Hapana. Kukupiga sikuogopa." Akameza mate yenye damu. "Nilivunja vitatu. Wewe umevunja viwili. Bado kimoja, Rangi. Maliza."

Kidole cha pete kilikuwa kimenyooka, kinangoja. Wilispana ikafika juu, ikasimama hewani. Kimya alifumba macho. Akasikia Rangi akipiga ukelele usio na maneno, kisha mlipuko, na vipande vya kioo vikamwagikia miguu yake.

Alipofumbua, kidole kilikuwa kizima. Wilispana ilikuwa imelala kwenye kiti cha dereva cha gari la bluu, na kioo cha mbele hakikuwepo.

"Hilo gari lilikuwa linatoka leo," fundi umeme alisema.

"Kalitoe," Rangi akamjibu.

Aliinama, akamshika Nyundo kwapani kwa mkono wa kushoto, akamnyanyua kwa nguvu bila huruma, kama anavyonyanyuliwa mlevi. "Tembea. Usiniangukie, mimi mkono nina mmoja."

Hospitali walikaa benchi moja, Kimya katikati ana kitambaa mdomoni. Rangi alikuwa amekiokota kile kitabu, jalada limelowa oili na damu. Akakigeuza huku na huku, akampa Kimya jicho.

"Wapi?"

Kimya akamwonyesha kwa kidole. Rangi akafungulia kulia, akaanza kusoma. Alifungua kurasa kwa kidole kidogo cha mkono mbovu, ukurasa mmoja kwa muda mrefu.

Daktari alitoka, mama mnene mwenye miwani. Akautazama mkono wa Nyundo. "Haya, hii nayo ni nini?"

"Jeki, daktari," Nyundo alisema. "Iliteleza."

Daktari akamtazama Rangi. Akavitazama vile vidole vitatu alivyovifunga mwenyewe miezi mitatu iliyopita. Akautazama na mdomo wa Kimya. "Hiyo jeki yenu, wanangu, kaitupeni baharini." Akamwingiza Nyundo ndani, mlango ukafungwa.

Rangi aliendelea kusoma. Alifika pale kamba inapoachiwa. Kimya alijua, kwa sababu Rangi aliacha kupumua. Alikaa hapo. Hakugeuza ukurasa.

"Alifanya makusudi huyu?" aliuliza bila kuinua uso.

"Endelea," Kimya alisema.

Ndipo ukelele ukatoka nyuma ya mlango. Daktari alikuwa anavinyoosha vidole, na Nyundo, aliyevunjwa bila kulia, sasa alilia kwa sauti, kilio kirefu cha mtoto mdogo, hakikatiki, mpaka wagonjwa wengine wakageuza shingo.

Rangi alisikiliza.

"Ameanza," alisema.

Akakifunga kitabu akiwa ameacha kidole ndani, akampa Kimya, akakiingiza kidole cha msichana palepale kilipokuwa chake. "Usinipotezee ukurasa." Kisha akainuka, akausukuma mlango kwa bega, akaingia.