Aliyeambiwa Asubiri

Kijiko kiligonga bilauri, ting, ting, kabla hakujapambazuka. Bibi akajua mzee wake anaita.

"Washa televisheni."

"Mashindano si mchana, Fundi?"

"Washa tu, isije ikagoma."

Akaiwasha, akamwongezea mto mgongoni. Miaka arobaini mzee huyu alitengeneza baiskeli za watu. Sasa mapafu yalikuwa yamemwisha, na daktari alishaacha kuzungumzia miezi. Alibakiza haja moja: kumwona mjukuu wao akiwa wa kwanza kwenye mlima ule ule unaoonekana dirishani, alikomfundisha kupanda kwa baiskeli. Majirani wote alishawatangazia.

Bibi alikuwa na neno moyoni. Mwaka jana mjukuu alimpangia maharagwe mezani mfano wa waendesha baiskeli, akamweleza kazi yake. "Timu hunitanguliza mbele, Bibi, lakini si ili nishinde. Nahodha akilitoroka kundi huko nyuma, mimi namngoja juu, namkingia upepo hadi karibu na mwisho." Bibi hakumwambia mzee. Kila alipotaka kufungua mdomo, alimkuta anacheka na majirani, akasema moyoni, si leo.

Mchana mjukuu akawa mbele peke yake, dakika mbili nzima. Mzee alilipiga godoro ngumi. "Kanyaga, mwizi wa mke wangu! Kanyaga!"

Zilipobaki kilomita nne, mjukuu alishika kidude cha sikioni, kile cha kusikilizia amri za timu. Akaacha kukanyaga. Akageuka nyuma, akashusha mguu mmoja chini.

"Kachoka?" Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Mbona hapo ndipo pepesi?"

"Hajachoka, baba watoto. Kaambiwa asubiri. Ndiyo kazi yake."

Akamweleza yote, hata ya maharagwe. Kwenye kioo nahodha alifika, na mjukuu akainama mbele yake akimkatia upepo, mpaka nguvu zikamwishia, akajitenga kando akiyumba. Nahodha alishinda. Mjukuu alipita wa kumi na tisa.

"Kumbe ulijua," mzee alisema.

"Nilijua."

"Zima." Akageukia ukutani.

Jioni viatu vya baiskeli vya mjukuu viligonga sakafu, ka, ka. Timu ilikuwa imempa nusu saa, na gari lilimngoja nje. Mkononi alishika shada la maua.

"Mke wangu hujambo?" alimtania Bibi.

"Maua ya nani hayo?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Ya nahodha. Amesema nikuletee wewe. Na koti kanivisha lake, nisipate baridi."

Mikono ya koti ilikuwa mirefu. Bibi aliona kuwa mtu alikuwa ameikunja vizuri, mara mbili mbili.

Mzee akageuka. "Ungefika wa kwanza?"

Mjukuu akatazama chini. "Ningefika, Babu."

Mzee akanyoosha mkono, akambonyeza paja kama alivyokuwa akibonyeza tairi dukani kwake. "Lina upepo," alisema, na machozi yakamteremka hadi sikioni.

Nje dereva alipiga honi mara moja, kwa upole. Mashindano yalikuwa bado na siku kumi na mbili, na kila siku ilimpeleka mbali zaidi. Wote watatu walilijua hilo.

Mzee hakuliachia paja. "Njoo tena kesho," alisema. "Hata ukiwa wa mwisho. Njoo tu."